Ramadhani nakaa kutwa bila sigara, siku ya kawaida sifiki saa nne asubuhi. Kwa nini?

Fundi Kwahani ameuliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mie kijana wa miaka 26, naishi Kwahani hapa Unguja, kazi yangu fundi simu Darajani. Navuta tangu skuli, kidato cha tatu. Nataka kuacha. Msinihubirie madhara, nayasoma kwenye pakiti na baba mdogo keshanihubiria mpaka kachoka yeye. Swali langu ni jengine.

Mwezi wa Ramadhani nakula daku, navuta ya mwisho kabla ya adhana ya alfajiri, basi. Zaidi ya saa 13 mpaka magharibi. Nafanya kazi, napanda daladala, nabishana na wateja, na sigara wala haipiti kichwani. Labda ile saa ya mwisho, nikishasikia harufu ya bajia zinakaangwa. Sasa chukua Jumanne yoyote baada ya Idi. Nimekunywa chai na chapati, nimefungua kibanda, ikikaribia saa nne mikono haitulii, skrubu ndogo inanidondoka, mteja akiniuliza mara mbili naona kanitukana. Mpaka nitoke nikavute.

Mwili ule ule. Kama ni nikotini inayonishika, mbona Ramadhani hainishiki? Na kama ni uzembe wangu, mbona Ramadhani mie si mzembe?

Nieleze na mazingira yangu, maana najua kuna watu wanakuja kusema acha kampani mbaya. Kampani yangu ni maskani. Tunacheza keram, wazee wanacheza bao, kahawa ipo. Nusu ya wateja wangu wanatoka pale. Nani anauza betri za uhakika, hoteli gani Paje inatafuta watu, chumba kiko wapi cha bei nafuu, habari zote zinapita pale pale. Nikihama maskani nimehama na riziki. Tena mtu akianza kupita bila kukaa, kesho ushasikia "fulani siku hizi anajiona".

Pakiti sinunui. Kona kuna duka la Mpemba, anauza moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani ili kisiondoke. Unatoa sarafu, unawasha, unarudisha kiberiti kikaning'inia. Kwa hiyo mimi kichwani kwangu si mvutaji, ni mtu aliyenunua moja. Halafu baadae nakwenda kununua moja nyengine. Na nikiwa sina hata sarafu, maskani nitapata pafu mbili kwa mtu.

Kazi nayo ina mitego. Simu ikiwa inaflashiwa, yaani inawekewa programu upya, huna la kufanya, unakaa unaangalia ule mstari unavyojaa taratibu. Muda huo ndio miguu inanitoa nje yenyewe.

Nyumbani hawajui, au wanajua na tunaoneana haya. Natafuna karafuu kabla sijaingia. Mama ananiuliza, "Jino bado linakusumbua mwanangu?" Keshaninunulia na dawa ya meno ya bei ghali.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya kwa kikohozi. Daktari akauliza, unavuta? Nikasema ndio. Akaandika, akasema "acha". Nikakaa nikingoja aendelee, akaita mgonjwa mwengine.

Basi, nani atanieleza kinachotokea humu mwilini? Na aliyeacha bila kuhama mtaa aniambie alifanyaje.

---

Mtoto wa Mkunazini amejibu:

Dawa yako rahisi yakhe, funga mwaka mzima 😂

---

Abuu S. amejibu:

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, umejijibu mwenyewe. Ramadhani una nia, miezi mengine huna nia. Ni imani tu hiyo. Sigara ni haramu, na hao wa maskani ndio wanaokupoteza. Achana nao, shika msikiti, utaona.

---

Fundi Kwahani amejibu:

Sheikh Abuu, nashukuru, na nia nakubali ina nafasi yake. Ila msikitini naswali, na tukishatoa salamu nikitoka nje nakuta waumini wenzangu wawili watatu washawasha pale ukutani kabla hata hawajavaa viatu vizuri. Wengine umri wa baba yangu. Wao wanasema makruhu tu. Siwataji kwa ubaya, nakwambia tu kwamba hata kule sijakimbia moshi.

Na hilo la nia ndilo linalonitatiza. Nia yangu ya kuacha haifi siku ya Idi. Siku ya Idi ndiyo inakuwa kali khasa, najiambia sasa nimekaa mwezi, si nimalizie tu. Jioni yake niko viwanjani Mnazi Mmoja na wenzangu, nguo mpya, mkononi ninayo.

---

Mfamasia Ng'ambo amejibu:

Mdogo wangu Fundi, nimelipenda swali lako. Mie ni mfamasia, na dirishani kwangu vijana wananunua dawa ya kikohozi na pipi za mnanaa, wakati sigara iko mfukoni. Nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Nikotini inakushika kweli, na mahali panakushika kweli. Ila kila kimoja kina saa zake.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv anaitwa Reuven Dar. (Msinirukie kwa sababu ya Tel Aviv, tunazungumza sigara hapa.) Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya Mayahudi washika dini wanaovuta. Hao siku ya Sabato hawawashi moto, kwa hiyo hawavuti mpaka siku iishe. Wakawauliza hamu yao siku ya Sabato, halafu siku ya kazi walipotakiwa wakae bila kuvuta. Wote ni wale wale, na kutovuta ni kule kule, lakini siku ya Sabato hamu ilikuwa ndogo zaidi.

2010 wakaja na wahudumu wa ndege. Walikuwa watu wale wale katika safari fupi za saa 3 mpaka 5 na nusu, na safari ndefu za saa 8 mpaka 13. Ungedhani kila saa zikizidi bila sigara, hamu inazidi. Wapi! Hamu ilikuwa inapanda ndege ikikaribia kutua. Mhudumu aliyekuwa anakaribia kufika katika safari fupi alikuwa na hamu kubwa kuliko siku ambayo amekaa muda ule ule bila kuvuta lakini bado yuko katikati ya safari ndefu. Kichwa kinapojua kuwa haiwezekani kinatulia, na kinapojua kuwa karibu itawezekana kinaanza fujo.

Wewe mwenyewe umeandika kuwa Ramadhani inakujia saa ya mwisho, bajia zikikaangwa. Hapo ndege yako inatua. Jumanne ya kawaida ndege inatua kila ukiflashi simu.

Na si kichwa chako peke yako. Ramadhani mji mzima umekushika mkono. Mikahawa imefungwa, barazani mchana hakuna moshi, kile kiberiti cha Mpemba kimeondolewa dirishani, na ukionekana unavuta njiani utajuta mwenyewe. Hukuacha sigara, mliacha wote pamoja, kwa saa 13. Halafu unaandama mwezi, wote mnarudi, wewe unataka kubaki peke yako. Ndiyo maana nikisikia "ni nia tu" huwa nanyamaza, maana nia hiyo hiyo Ramadhani ina watu laki kadhaa nyuma yake.

Sasa upande wa nikotini, usije ukasema ni hadithi. Moshi ukiuvuta, ndani ya sekunde 10 mpaka 20 nikotini iko kwenye ubongo. Kila kama saa mbili kiwango kwenye damu kinapungua nusu. Ramadhani unafuturu, unavuta, unatoka tarawehe, unavuta, mpaka daku. Kila usiku unajaza tangi upya. Ile arosto yenyewe, ya kukosa usingizi, hasira, kushindwa kutuliza akili na njaa isiyoisha, inaanza ndani ya siku ya kwanza, inakuwa kali zaidi siku za mwanzo, halafu inapungua taratibu kwa wiki mbili mpaka nne. Kwenye mfungo hujawahi kuifikia kamili. Unaifikia ukijaribu kuacha kweli, na hakuna aliyekwambia itakuja, kwa hiyo unadhani umeharibika wewe.

Hiyo hamu ya ghafla, ya kutaka kuinuka sasa hivi, kwa kawaida haimalizi dakika nyingi. Ukiipisha dakika tano inalegea, ukivuta au usivute. Hili wengi hawalijui kwa sababu hawajawahi kuingoja.

Nimalizie na kahawa, maana umesema maskani kahawa ipo. Moshi wa sigara unalifanya ini liisage kahawa haraka. Ukiacha sigara ukaendelea na vikombe vile vile, kafeini kwenye damu inaweza kufika mara mbili ya ilivyokuwa. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usiku hulali. Unasema sigara inanidai, kumbe ni kahawa. Wiki za mwanzo punguza vikombe nusu.

---

Jambiani Breeze amejibu:

Mnajisumbua. Hamieni shisha, haina uraibu, inapita kwenye maji. Au weka kuberi mdomoni, hakuna moshi, hakuna atakayejua. Mimi navuta shisha wikiendi tu na nipo fiti.

---

Mfamasia Ng'ambo amejibu:

Hapana kaka. Shisha ni tumbaku, na maji yanapoza moshi tu, hayausafishi. Shirika la Afya Duniani lilishasema kwamba kikao cha kiasi cha saa moja mtu anavuta moshi mwingi mara 100 mpaka 200 kuliko wa sigara moja, na ule mkaa wake una sumu yake mbali. Kuberi nayo ni tumbaku. Ndiyo haina moshi, lakini kansa ya mdomo haingoji moshi. Ukimtoa Fundi kwenye sigara ukampa kuberi umembadilishia chumba, nyumba ni ile ile.

---

Bint Vuga amejibu:

Naandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua.

Mie mwanamke, nina miaka 24, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Navuta. Nilianza na wageni, mtu anakukaribisha ukiwa zamu ya usiku juu ghorofani, upepo wa bahari, unasema moja tu. Sasa wewe Fundi unalalamika kiberiti cha duka kimefungwa kamba dirishani. Mwenzio siwezi hata kusimama kwenye dirisha hilo. Mtaani kwetu nikiomba sigara, kabla sijafika nyumbani mama keshapigiwa simu. Namtuma kijana wa bodaboda, namlipa na ya kwake. Kwa hiyo mie natunza pakiti nzima, na pakiti ikiwepo inavutwa.

Kila nikisoma mambo ya kuacha naona "waambie familia yako wakusaidie". Nani nimwambie? Nikimwambia dada nimeacha sigara ataniuliza ulianza lini, na hapo kesi inaanza upya. Siku nilizojikaza hakuna aliyejua kama nina hasira kwa sababu gani. Mama alisema nina jini 😅 akataka kuniitia mwalimu anisomee.

Kitu kimoja tu kimenichekesha katika kusoma kwangu, wenzetu wa Ulaya wanaogopa kuacha kwa kuwa watanenepa. Mie nikinenepa kilo nne tano nyumbani kwetu itakuwa sherehe. Kila mtu ananiuliza nimekondeana nini.

Dada Mfamasia, mtu kama mie anaanzia wapi? Na kuja dirishani kwako naona haya.

---

Dereva 502 amejibu:

Salaam. Mie nilikuwa kama Fundi. Naendesha gari ya Bububu, nina miaka 31, nimeacha na mtaa sijahama. Kwa dereva sigara ni foleni. Gari halijajaa, unasubiri, konda anaita watu, unashuka unawasha. Kila kituo.

Nilichofanya ni kuipeleka Ramadhani mbele. Idi pili nikaanza kufunga sita, zile siku sita za Shawwal. Najua wengi tunaichelewesha sita mpaka mwezi unakaribia kuisha, mie nikaiunganisha hapo hapo. Lakini nilibadilisha kitu kimoja, sikufuturia barazani. Nikaenda kufuturu msikitini, tende na maji, swala, kisha nyumbani kula na watoto, isha, ndipo nitoke. Ile sigara ya kwanza baada ya magharibi nikaisogeza mpaka baada ya isha. Siku nyengine nikitoka isha nimechoka, nalala. Tumbo likijaa na usingizi ukija hamu inakuwa ndogo, jaribu utaona. Sita zilipokwisha nikashika Jumatatu na Alhamisi. Siku ambazo sifungi ndizo zilikuwa ngumu, sikufichi.

Nilianguka kwenye harusi. Usiku wa dufu, vijana wamejaa, mtu kanishikiza bila hata kuniuliza, mkono ukapokea wenyewe. Nikavuta mpaka asubuhi.

Hapo nikaona siri hainisaidii. Kesho yake nikasimama mbele ya maskani nikasema jamani mie nimeacha, atakayenipa hata pafu moja atoe elfu moja kwenye kahawa. Wakacheka sana. Mmoja akanipa makusudi nikatae aone. Lakini kwa vile kuna pesa, wakaanza kulindana. Nikimsogelea mtu anapiga kelele "elfu moja hiyo!" Wale wale walionishikiza sigara ndio wakawa walinzi, kwa ajili ya kahawa ya bure. Kuna jioni nilikuwa nimebanwa kweli, nimemgombeza konda bila sababu, nikamwomba rafiki yangu pembeni kwa siri. Akanitizama akasema, "Sheikh, nina elfu mbili tu na nyumbani sijapeleka mkate." Nikakaa.

Bado wanavuta wote, na nakaa nao. Nakaa upande unakotoka upepo.

---

Mtoto wa Mkunazini amejibu:

Dereva hiyo faini mwisho wenu mtafungua benki 😂 ila sina la kupinga, nimeipenda.

---

Fundi Kwahani amejibu:

Wallahi nimesoma yote mara mbili. Dada Mfamasia, hiyo ya ndege imenikaa. Nimejaribu kuitizama siku yangu kwa jicho hilo. Sehemu ambazo sigara hainijii ni mbili, ndani ya daladala na chumbani kwa bibi yangu Makunduchi. Ya bibi kila nikenda nalala siku mbili, na huwa sikumbuki. Nilikuwa nadhani ni hewa ya shamba. Kumbe kule nikiomba sigara hakuna wa kunipa, na kumvutia bibi puani ni jambo ambalo halipo duniani.

Bint Vuga, pole. Mie nilikuwa najiona nina siri, kumbe yangu ni nusu siri tu.

Nina swali kwa Dereva. Wa kwako ni watu wazima wenzako. Maskani yetu kuna vijana wa miaka 17, 18, na hao ndio wanaotoa zaidi kwa sababu ndio wanataka kuonekana. Kuwawekea faini nitaweza, ila mimi ndiye niliyewaonesha baadhi yao. Watanicheka kisawasawa.

Na dada, kule kwa daktari sikupewa chochote. Dawa za kuachia zipo au ni za Ulaya tu?

---

Dereva 502 amejibu:

Wacha wacheke. Watacheka wiki ya kwanza. Anza na mmoja mwenye ulimi mrefu kuliko wote, huyo akiwa upande wako wengine wanafuata.

---

Mfamasia Ng'ambo amejibu:

Zipo. Bazoka za nikotini na plasta za kubandika ziliingizwa mwaka 2009 kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2021 zikaongezwa dawa mbili za vidonge, bupropion na varenicline. 2024 shirika hilo hilo likatoa mwongozo wa matibabu ya kuacha tumbaku, na linasema dawa pamoja na ushauri zinafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Kwa hiyo "acha" ya yule daktari ilikuwa nusu ya sentensi. Vidonge usijinunulie, vinataka daktari akuulize kwanza, khasa kama umewahi kupata kifafa. Bazoka na plasta uliza kwenye maduka ya dawa ya mjini, moja likikosa nenda jengine. Si za bei ya karanga, hilo nakwambia kabla. Lakini piga hesabu ya zile moja moja za mwezi mzima, usifanye kwa kichwa, andika.

Na hizo moja moja zenyewe, Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, na kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kuzuia kuuza sigara moja moja. Sababu ndiyo hiyo uliyoieleza wewe, anayenunua moja hajioni mvutaji, na mtoto wa skuli anaimudu. Mpemba wako anatafuta riziki, sina ugomvi naye. Ila mwombe akunyime. Mwambie tu, "Mie usiniuzie." Utashangaa, wauza duka wengi wanapenda kupewa jukumu hilo, tena atakusemea mpaka kwa wateja wengine.

Simu inapoflashiwa, tafuta kazi ya mikono ya dakika tano. Safisha spika za simu nyengine, panga skrubu. Usikae ukiangalia mstari.

Bint Vuga mdogo wangu, njoo saa za jioni, dirishani huwa yupo msichana mwenzio. Si lazima useme ni yako. Nusu ya wanaonijia wananiambia ni ya kaka yao, na mie namhudumia huyo kaka. Pakiti usiiweke kwenye meza ya mapokezi wala mkobani. Yule kijana wa bodaboda endelea kumlipa, ila mlipe asilete. Na mtu mmoja wa kujua unamhitaji. Kama nyumbani haiwezekani, mwenzio wa zamu anatosha. Nimeona watu wakiacha na shahidi mmoja tu.

---

Bint Vuga amejibu:

Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenipa ya kwanza 😂😂 Lakini naye anataka kuacha, nitamwambia. Nitakuja na "kaka yangu".

---

Abuu S. amejibu:

Mfamasia, nimesoma na nimejifunza. Sijabadilisha msimamo wangu kuhusu haramu, lakini hilo la mji mzima kufunga pamoja sikuwa nimelifikiria. Fundi, kama uko karibu na msikiti wetu, Jumatatu na Alhamisi tunafuturu pamoja barazani pa msikiti. Futari ipo, muhogo na samaki. Karibu, na hakuna anayewasha pale.

---

Fundi Kwahani amejibu:

Sheikh, nitumie ujumbe wa ndani unielekeze. Muhogo na samaki siwezi kukataa.

Dada, la mwisho. Nimempata mtu mwenye bazoka hizo, zimeandikwa miligramu 2 na miligramu 4. Nichukue ipi? Na nakunywa kahawa maskani, nitafune hapo hapo?

---

Mfamasia Ng'ambo amejibu:

Inategemea ya kwanza unavuta saa ngapi. Kama ni ndani ya nusu saa tangu kuamka, chukua ya 4. Ikichelewa zaidi ya hapo, ya 2 inakutosha. Maelezo yako ya mwanzo naona wewe ni wa 2, maana chai inakukuta bado, lakini jichunguze, na utizame kwanza tarehe ya mwisho ya kutumika.

Usiitafune kama bazoka ya kawaida, utapata kichefuchefu na kwikwi. Itafune taratibu mpaka uhisi inawasha kama pilipili kidogo, halafu ibane baina ya shavu na ufizi. Ikitulia itafune tena. Nusu saa hivi.

Na kahawa hapana. Robo saa kabla na wakati iko mdomoni usinywe kahawa wala soda wala juisi ya ndimu, kwa sababu zinaizuia nikotini isiingie kwenye ngozi ya mdomo, utakuwa unatafuna bure. Maji ni sawa.

---

Dereva 502 amejibu:

Basi kahawa ya ile faini tunakunywa sisi. Fundi, maskani yenu iko upande gani wa Kwahani?